Maili Nne za Akiba

Katika miaka ya vita, petroli ilipotolewa kwa vyeti na malori ya watu yakachukuliwa na jeshi, tajiri wangu alinunua gari lisilokunywa petroli. Lilikuwa gari la betri, kuukuu, lililokwisha kufanya kazi miaka mingi mahali pengine kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Bodi lake lilikuwa la mbao, refu kama kabati la nguo, na chini ya sakafu zilipangwa seli thelathini, yaani vyumba vya betri, vya madini ya risasi na tindikali. Halikunguruma. Lilipopita Temeke na Kinondoni kupeleka barafu na soda madukani, kilichosikika ni mchanga ukisagika chini ya magurudumu, basi watu wakaliita Bubu. Kuku wengi walikufa mwezi ule wa kwanza.

Mimi nilikuwa karani wa Bubu. Kiwanda cha barafu kilikuwa upande wa Gerezani, nami nilipanga chumba Temeke, na kila asubuhi kabla dereva hajafika nilikuwa nimekwisha piga magoti ubavuni mwa gari, nimefungua kizibo cha seli, nimenyonya tindikali kidogo kwa bomba la kioo. Ndani ya bomba hilo mna kijiti cha kioo kinachoelea. Tindikali ikiwa na nguvu, kijiti husimama juu, ikichoka, huzama. Ubavuni mwake kuna nambari. Betri iliyoshiba ilisoma elfu moja mia mbili na themanini. Iliyokwisha ilisoma elfu moja mia moja na hamsini, na chini ya hapo risasi yenyewe huanza kufa. Kati ya nambari hizo mbili kulikuwa na hatua mia moja na thelathini, na safari zote ambazo Bubu angeweza kwenda siku hiyo zilikaa humo.

Swali la tajiri lilikuwa lile lile kila siku: "Leo inafika wapi?" Hapakuwa na chombo garini kilichojua kulijibu. Palikuwa na mshale wa umeme mbele ya dereva, lakini mshale ule gari likiwa limesimama ulikaa juu kwa majivuno, na gari likianza kupanda ulianguka kama mtu aliyesikia jina lake mahakamani. Kwa hiyo nilitengeneza jibu langu. Niliandika nambari ya kutoka na nambari ya kurudi, nikaandika na maili zilizokwenda, na baada ya miezi sita nikagundua kwamba maili moja inakula hatua nne. Kila siku hatua nne, mara chache tano. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, usiku nikisoma riwaya kwa taa ya kibatari na kujaribu kuandika yangu, na hesabu ile niliipenda kama ninavyopenda sentensi iliyokaa sawa. Nilidhani nimeliona gari kwa ndani. Kumbe nilichokiona ni barabara za Temeke na Kinondoni, tambarare, zenye mzigo ule ule, siku baada ya siku. Gari haliijui njia iliyo mbele. Linaijua iliyopita, na anayelisemea anasema habari za jana.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme mapema. Kupima seli thelathini ni kazi ya saa nzima. Kijitabu kilichokuja na gari kiliruhusu kuchagua seli moja iwe shahidi wa nyingine: unapima hiyo tu, na nambari yake unaichukua kuwa ya zote. Nilichagua iliyokuwa mbele, mkono wa kushoto, kwa sababu kizibo chake kilifikika bila kulala chini. Nayo, kwa kuwa nilionana nayo kila siku, niliitunza. Maji safi ya betri yalikuwa adimu wakati wa vita. Tuligawiwa chupa kwa wiki. Shahidi alikunywa kwanza. Nilimfuta, nikampaka grisi masikioni, pale nyaya zinaposhikia, ili asipate kutu. Wale ishirini na tisa walikunywa Jumamosi, kilichobaki kikiwapo.

Dereva alikuwa mtu wa rika la baba yangu, Mzaramo, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyokuwa nyeupe zamani. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Asiyejua mambo haya angedhani tunachukiana. Baina ya watu wake na wangu matusi ni heshima, na msibani ndiko yanakokolea: mtani hubeba jeneza huku anamsema marehemu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anapaswa kucheka, hata kama machozi yanatiririka, maana ndivyo mtani anavyomshika mkono asizame.

"Karani," alikuwa akiniambia nikimpa nambari ya asubuhi, "hiyo nambari yako umeiota au umeipima?"

"Nimeipima, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mie nitaipima tena pale darajani."

Alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alipokuwa akipanda kutoka daraja la Msimbazi aliutazama mshale pale tu, mahali pamoja, gari likiwa limebeba na linavuta. Mshale ukianguka kidogo, alijua siku ni njema. Ukianguka sana, aliwapita wateja wa mwisho bila kusimama, akarudi. Nilimwona mshamba. Miezi ya mwisho mshale ulikuwa ukianguka sana mara kwa mara, na wateja wa mwisho walikuwa wakilalamika kwa tajiri, nami nikawa namshitaki kwamba nambari zinaonyesha betri nzima.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ndogo huko Boko, barabara ya Bagamoyo. Tulitoka Tabora nikiwa na miaka minane, na kwa miaka kumi na moja mama hakurudi kwao. Nauli, watoto, kisha vita. Alikuwa na kaka mmoja tu, wa tumbo moja, aliyefanya kazi stesheni ya reli Tabora, na mama yao aliyekuwa hai, mzee sana. Kwao kuna kanuni: mwanamke aliyeolewa mbali hazikwi mpaka wa tumbo moja naye amwone uso. Akimwona, anarudi nyumbani na kusema mbele ya mama yao, nimemwona, ni yeye, amekufa. Neno hilo halisemwi na mtu mwingine.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, jirani yetu wa kanisani alifika kiwandani kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni. Alinipa karatasi ya baba. Ilikuwa na sentensi tatu. Mama yako ametutoka alfajiri. Mpelekee mjomba wako simu ya maandishi. Tafuta barafu.

Sikulia pale. Nilikimbia posta. Mjomba alifikiwa na waya haraka kuliko nilivyotegemea, kwa sababu alikuwa pale pale stesheni waya unapofikia, na saa saba jibu lake lilikuwa mkononi mwangu: NAKUJA IJUMAA MSIZIKE.

Ijumaa. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa joto kali, na nyumba yetu Boko ilikuwa na bati.

Tajiri alikuwa Mhindi wa madhehebu ya Shia, mtu wa sala na wa ukali, lakini aliposikia alisimama kutoka kitini.

"Pole, karani. Mama ni mama." Akafikiri kidogo. "Sisi tunazika leo leo. Nyinyi mnangoja nani?"

"Kaka yake, tajiri."

"Kaka atakuja tu. Atasoma dua kaburini."

"Lazima amwone."

Alinitazama, akafungua mikono. "Chukua barafu. Chukua unayotaka. Chukua na gari."

Bubu alikuwa amerudi kutoka mzunguko wa asubuhi. Kumchaji kungechukua usiku kucha. Nilipiga magoti, nikampima shahidi: elfu moja mia mbili na thelathini. Hatua themanini juu ya mwisho. Gawanya kwa nne. Maili ishirini. Boko ni maili kumi na sita. Nilisimama na bomba la kioo mkononi na kwa mara ya kwanza tangu saa nne nikavuta pumzi yote. Tulikuwa na maili nne za akiba. Kurudi halikuwa shauri langu. Hata ng'ombe wangeweza kulivuta.

Vijana wa kiwanda walianza kupakia. Mzigo wa kawaida wa barafu ulikuwa mapande matano na makreti ya soda. Mimi niliagiza mapande kumi, yaliyofunikwa magunia na vumbi la mbao, kwa sababu nilitaka mjomba amkute mama kama alivyolala, uso wake ule ule, hata Ijumaa mchana.

Dereva alizunguka gari, akahesabu.

"Kumi?"

"Kumi, mzee."

"Mnyamwezi, mama yako alikuwa mnene kiasi gani hata mnataka kumgandisha kama samaki wa hotelini?" Vijana wakainamisha vichwa kuficha vicheko. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, basi mnadhani kila kitu duniani kina mabega. Gari hili halina mabega. Weka matano, tufike. Na hayo kumi yako utakuja kuyalilia Mbezi."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kikavu, lakini kilitoka, na machozi yakaja nacho. Vijana nao wakacheka kwa sauti sasa, kwa kuwa mfiwa amecheka. Niliona amenitendea haki yangu. Niliona mzee huyu, ambaye nilikuwa nikimshitaki kwa tajiri, amekuja kuwa mtani wangu siku ya msiba kama inavyotakiwa. Nikamshika mkono.

"Kumi, mzee," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akapanda, akashika usukani.

Tulipanda kutoka darajani, na niliona jicho lake likienda kwenye mshale. Mshale ulianguka mpaka robo. Nami nilikuwa na kitabu changu mapajani, nikaandika maili mbili, nikatoa hatua nane kutoka themanini. Sabini na mbili. Kinondoni tulipita vizuri, wateja wakatupungia wakidhani tunawapelekea barafu. Baada ya hapo barabara ikaacha kuwa ile niliyoijua. Mchanga ulikuwa mzito, magurudumu yakazama kama vidole katika unga, na gari likaanza kutoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mlio mwembamba wa mnyama anayevuta pumzi kwa meno. Niliendelea kutoa hatua nne kwa kila maili. Maili ya sita. Maili ya nane. Katika kitabu tulikuwa na akiba. Maji yalikuwa yakidondoka nyuma yetu, mstari mweusi katikati ya barabara nyeupe.

Tuliteremka mtoni Mbezi kwa kasi njema, na ng'ambo, katikati ya mwinuko, Bubu alipunguza mwendo, akapunguza tena, akasimama. Hakuna kishindo. Gari ambalo halikuwa na sauti halikuwa na namna ya kutuambia limekufa.

"Linapumzika," nikasema.

Dereva akavuta breki, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Nilitoa bomba la kioo, nikampima shahidi. Elfu moja mia moja na themanini na tano. Maili nane bado, kwa hesabu yangu. Boko ilikuwa maili tano. Nilimwonyesha dereva nambari, kama mtu anayemwonyesha askari cheti.

"Mpime mwenziwe," akasema.

Nililala chini kwenye mchanga, nikafungua kizibo cha pili. Kijiti cha kioo hakikuinuka. Nikadhani bomba limeziba. Nikafungua cha tatu, cha nne, nikaenda upande wa pili. Katika baadhi ya seli maji yalikuwa yamekauka mpaka chini ya risasi, hapakuwa hata na cha kunyonya. Nyingine zilinyonyeka na kijiti kikalala chini kama mgonjwa. Saba niliwaona wamekufa kabisa, na hawa hawakufa leo. Walikuwa wakifa kwa miezi, mmoja mmoja, gizani chini ya sakafu, na kila asubuhi mimi nilikuwa nikimnywesha mmoja aliyeshiba na kumwuliza habari za nyumba nzima.

Dereva alikuwa amekaa kivulini mwa gari.

"Nilikwambia Mbezi."

"Nilidhani unatania, mzee."

"Nilikuwa natania." Akavua kofia, akajifuta uso. "Na nilikuwa nasema kweli. Kwani kwenu utani ni uongo?"

Aliniuliza tena, kwa upole safari hii, "Ungenisikiaje, lakini? Siku ya msiba nikikwambia kwa sura ya huzuni, si ungesema mtani gani huyu?"

Tuliacha betri ipumzike, maana betri ya risasi ikiachwa hurudisha nguvu kidogo. Tulishusha mapande matano kando ya njia, kama alivyotaka tangu mwanzo, tukangoja karibu saa nzima huku barafu ikilia ndani ya magunia. Bubu akaenda hatua za miguu kama mia tatu. Akasimama tena, na safari hiyo hata mshale haukuinuka tulipozima.

Hatukuwa na la kufanya ila kubeba. Walipita wachoma mkaa wanne wakirudi Tegeta, dereva akawaeleza kwa Kizaramo, wakatua magunia yao matupu na kuyakata mapande kwa mashoka. Tulibeba vipande kichwani, vimefungwa, maji yakitushuka usoni na mgongoni katika jua lile, na kwa muda mfupi ilikuwa raha, Mungu anisamehe. Kila maili kipande kilipungua uzito, na kila kilipopungua nilitembea haraka zaidi, nacho kikapungua vile vile. Dereva, mtu wa miaka hamsini, alibeba sawa na vijana. Hakusema neno la utani njia nzima, na kimya chake kiliniogopesha kuliko yote.

Tulifika jua likishuka. Kilichobaki kilitosha beseni mbili. Baba alitoka, akatazama beseni, akatazama barabara nyuma yetu.

"Nyingine inakuja?"

"Hapana, baba."

Akaingia ndani. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala baadaye.

Wanawake wa kanisani walijitahidi. Waliweka barafu kifuani na tumboni, wakalowesha mashuka, wakafungua madirisha. Alhamisi saa tano shangazi mmoja, jirani, alitoka chumbani ameshika kanga puani, akamwita baba pembeni. Nilikuwa karibu. "Mwalimu," alisema, "hatuwezi tena. Mwache aende na heshima yake." Baba akasema msubiri kidogo. Wakasubiri mpaka saa saba. Saa tisa tulizika. Majirani wa Kiislamu waliokuja walikuwa wametushangaa tangu jana tulivyomweka maiti ndani. Sasa walishika majembe bila kuuliza, na kaburi likajaa haraka, kwa kuwa udongo wa Boko ni mchanga mtupu.

Mjomba alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, juu ya lori la chokaa, amevaa koti la reli na viatu vilivyong'arishwa. Alishuka akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejikaza. Alipoona viti vimetolewa nje na wanawake wamekaa bila kuimba, alielewa.

Baba alimvutia kiti. Nikasema mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbele yake kama mwanafunzi: petroli, gari, hatua themanini, maili ishirini, maili nne za akiba. Nilizieleza vizuri. Nilijiona nikizieleza vizuri, na nikajichukia.

Aliniacha nimalize.

"Ulipima seli ngapi?"

"Moja, mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwenye mabehewa yetu kuna betri za taa," akasema. "Tunapima zote." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemtajia mwenzake saa.

Tulimpeleka kaburini. Baba alimpa konzi la mchanga atupie, kama desturi. Mjomba aliupokea, akautazama kiganjani, kisha akaurudisha mkononi mwa baba.

"Mmenionyesha mchanga, shemeji," akasema. "Mchanga hata Tabora upo. Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie tumemzika."

"Mmemzika nyinyi. Mimi sikumwona."

Alikaa nasi mpaka Jumapili. Alikula, alisali nasi, hakumtukana mtu. Usiku nilisikia baba akimsihi aseme tu neno lile akifika, aseme amemwona, nani angejua. Mjomba akajibu kwamba hajawahi kumdanganya mama yake na hataanza na jambo hili.

Tajiri aliuza risasi ya Bubu, na dereva akarudi kwao Kisarawe kulima. Niliachishwa kazi mwezi uliofuata, kwa haki. Siku hizi naandika, na watu husema nina jicho kali, nikiona kitu kimoja naeleza nyumba nzima. Wananisifu. Huwa sijui niwatazame wapi.

Bibi yangu bado yu hai huko Tabora, haoni tena. Mjomba, ambaye neno lile hakulisema, ndiye anayemwandikia barua, na kwa kuwa ni mtu wa kweli, anaandika kila anachoambiwa. Ya mwisho ilifika mwezi jana. Bibi anatusalimu sote. Anasema mvua zilikuwa chache lakini mihogo ipo. Anauliza mama anakuja lini, na anasema kama shida ni nauli, binti yake asione aibu, aseme tu.

Baba aliniachia niijibu. Karatasi ipo mezani tangu wiki tatu zilizopita, nimeandika salamu na tarehe.